Pengo la maji katika upasuaji wa kizazi kwa kamera: nani ahesabu, ahesabu vipi, asimamishe lini

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya magharibi mwa Uganda. Tumeanza kutoa fibroidi zilizo ndani ya kizazi kwa kamera inayopitia ukeni. Mwezi uliopita mama wa miaka 38, aliyekuwa amechomwa sindano ya ganzi ya mgongo, alianza kuhangaika na kutapika tukiwa tumebakiza sehemu ya uvimbe, kisha akachanganyikiwa. Maji ya kutanua kizazi tuliyokuwa tunatumia ni ya glaisini. Mashine ya kupima maji hatuna. Maji mengine yalikuwa kwenye chupa ya kunyonyea na mengine sakafuni, na nilipoulizwa ni kiasi gani kimeingia mwilini sikuwa na jibu. Mama alipona, lakini uvimbe haujaisha na anauliza atarudi lini. Nihesabuje bila mashine? Tusimame wapi? Na kuhesabu huku ni kazi yangu au ya mtaalamu wa usingizi?

Jibu: Sista, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yote yanaegemea hapo. Kuhesabu ni kazi yako, wewe muuguzi unayezunguka chumbani. Daktari mpasuaji macho yake yako kwenye skrini, na mtaalamu wa usingizi ana shinikizo la damu, pumzi na mazungumzo ya mgonjwa vya kuangalia. Lakini kazi hiyo haina maana ukipewa hesabu bila kupewa sauti. Kabla upasuaji haujaanza, watu watatu wakubaliane kwa maneno ya wazi: tunatumia maji gani, kikomo chetu ni mililita ngapi, na muuguzi akisema tumefika, upasuaji unasimama. Mahali pa kuyasema hayo tayari papo, kwenye ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani mnayoisoma kabla ya kukata. Ongezeni mstari mmoja tu.

Sasa nieleze kwa nini maji haya ni ya hatari. Kizazi cha mwanamke asiye na mimba si chumba kilicho wazi. Kuta zake mbili zimelaliana, na kamera haioni kitu mpaka maji yaingizwe kwa nguvu ya kuzitenganisha. Fibroidi inapokatwa, hasa ile iliyozama ndani ya msuli, midomo ya vena za ukuta wa kizazi hubaki wazi, na maji yanayosukumwa huingia humo moja kwa moja kama dripu ambayo hakuna aliyeiandika kwenye chati. Kiasi kingine hupitia mirija ya uzazi hadi tumboni na kunyonywa baadaye taratibu, na ndiyo maana sodiamu, yaani chumvi ya damu, inaweza kuendelea kushuka hata baada ya mama kurudishwa wodini.

Tofauti kati ya maji yaliyoingia kwenye kizazi na yale yaliyotoka nitaiita pengo. Nakushauri uliite hivyo hivyo chumbani, na usiseme upungufu wa maji, kwa sababu kwa wengi wetu hospitalini upungufu wa maji maana yake ni mgonjwa aliyekauka, na mtu akilisikia neno hilo mkono wake huenda kwenye dripu nyingine. Pengo linamaanisha kinyume chake kabisa: mama ana maji kupita kiasi, na huenda maji hayo hayana chumvi.

Hilo la chumvi ndilo linaloamua kila kitu. Kifaa cha kukatia chenye umeme wa monopola, yaani unaopita mwilini hadi kwenye bamba lililobandikwa kwa mgonjwa, hakifanyi kazi kwenye maji ya chumvi, kwa sababu umeme husambaa ndani ya maji badala ya kukata nyama. Kwa hiyo wenye kifaa hicho hulazimika kutumia maji yasiyo na elektrolaiti, yaani yasiyo na chumvi, kama glaisini ya asilimia 1.5, sobitoli ya asilimia 3 au manitoli ya asilimia 5. Glaisini na sobitoli zina ukolezi mdogo kuliko damu, na zaidi ya hapo mwili huitumia ile glaisini au ile sukari, kisha kinachobaki kwenye mishipa ni maji matupu. Sodiamu hushuka, maji huvutwa kuingia ndani ya chembe, na ubongo ulio ndani ya fuvu lisilotanuka huvimba. Manitoli ina ukolezi unaokaribia ule wa damu, kwa hiyo ubongo hauathiriki sana kama kwa hizo mbili, ingawa nayo hushusha sodiamu. Kifaa cha baipola, ambacho umeme wake hubaki kati ya ncha zake mbili, hukata vizuri ndani ya salaini ya kawaida, yaani maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Salaini haishushi sodiamu, lakini ikizidi hujaza mapafu. Maji yaliyochujwa ya kusafishia vifaa yasitumike kamwe, hata kama glaisini imeisha katikati ya kazi, kwa sababu yakiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu.

Tusimame wapi? Miongozo ya AAGL, chama cha Marekani cha wapasuaji wa magonjwa ya wanawake, ya mwaka 2013, na ile iliyotolewa mwaka 2016 na vyama vya Uingereza na Ulaya vya upasuaji wa aina hii, inakubaliana katika jambo hili. Kwa mwanamke mzima mwenye afya njema, pengo la glaisini au maji mengine ya aina hiyo lisizidi mililita 1,000, na pengo la salaini lisizidi mililita 2,500. Kwa mwanamke mwenye umri mkubwa, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, kikomo kinashuka hadi mililita 750 kwa glaisini na 1,500 kwa salaini. Kwa makadirio ya kawaida, mililita 1,000 za maji yasiyo na chumvi zikiingia mwilini hushusha sodiamu kwa karibu milimoli 10 kwa lita. Aliyeanza na 138 anafika 128, na hapo kichefuchefu na maumivu ya kichwa huanza.

Namba hizo zinamhusu mwanamke mwenye afya njema, na hapa Uganda neno hilo halitoshi kusemwa kwa kumtazama mtu usoni. Ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni bado tunao, na huwapata wanawake wa umri huu huu wanaokuja na fibroidi, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa kwamba moyo wao una kasoro. Mwenye vali iliyobana hawezi kuhimili lita moja ya ghafla ambayo mwenzake anaihimili. Weka stethoskopu kifuani kabla ya siku ya upasuaji. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia tenofovia apimwe kreatinini, kwa sababu dawa hiyo inaweza kugusa figo. Mama aliyetokwa damu miezi mingi apimwe himoglobini, na ikiwezekana arekebishwe kwanza, kwa sababu maji yanayoingia yataizimua hata damu kidogo aliyobaki nayo. Kwa mama mwembamba wa kilo 45 mimi husimama mapema kuliko miongozo inavyosema. Huo ni uamuzi wangu, na sijawahi kuujutia.

Umri wa mama wako wa miaka 38 nao una uzito wake. Mwaka 1992 mtafiti Ayus na wenzake walionyesha kwamba wanawake ambao bado wanapata hedhi, sodiamu yao ikishuka baada ya upasuaji hadi ubongo kuathirika, wako katika hatari ya kufa au kubaki na madhara ya kudumu ya ubongo iliyo kubwa takriban mara 25 kuliko ya wanaume au wanawake waliokoma hedhi. Homoni za kike zinaonekana kuuzuia ubongo usitoe maji yaliyozidi kwa haraka inayotakiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mgonjwa ni kijana na atahimili, mweleze kwamba kwa jambo hili ujana ni sababu ya kuongeza tahadhari.

Sasa tuje kwenye kuhesabu bila mashine, ambako ndiko ulikokwama. Wodi ya wazazi ya hospitali yenu bila shaka ina mzani wa dijitali wa kupimia watoto wachanga. Uazime, au bora zaidi mwombe msimamizi awanunulie wenu. Mililita moja ya maji haya ina uzito wa karibu gramu moja, kwa hiyo mzani unakupa jibu la kuaminika kuliko mistari ya kwenye chupa ya kunyonyea, ambayo haikuchorwa kwa umakini na ambayo povu huifunika kabisa wakati wa kazi. Ipime chupa ya kunyonyea ikiwa tupu na uandike uzito wake kwa kalamu ubavuni. Pima shuka, taulo na vitambaa vitakavyowekwa chini ya mgonjwa vikiwa vikavu. Mfuko mkubwa wa maji pia upimwe kabla haujatundikwa, kwa sababu watengenezaji hujaza zaidi kidogo ya kilichoandikwa, na ziada hiyo ikijirudia kwenye mifuko kadhaa inaweza kuyumbisha hesabu yako yote.

Maji ya sakafuni ndiyo adui wa hesabu. Chini ya makalio ya mgonjwa tandaza makintoshi safi, lile shuka la mpira, au kavera zito la plastiki, likunje pande zote mbili liwe kama mfereji, na ncha yake iingie kwenye ndoo iliyopimwa ikiwa tupu. Mnafahamu kufanya hivyo mkipima damu ya mama aliyetoka kujifungua, na hapa ni utaratibu ule ule. Hata hivyo kuna maji yatakayowaponyoka. Kanuni yangu kwa hayo ni kali: maji ambayo hukuyapima, yahesabu kwamba yako ndani ya mgonjwa. Ukikosea kwa njia hiyo utasimamisha upasuaji dakika kumi mapema. Ukikosea kwa njia nyingine, kwa kusema mengi yalimwagika, unaweza kumpoteza mtu huku umesimama kwenye dimbwi ulilolitumia kama kisingizio.

Nikupe mfano wa hesabu moja nzima. Tuseme mmefungua chupa 14 za mililita 500, ambazo ni mililita 7,000, na ya mwisho imebaki na 300. Zilizoingia ni 6,700. Chupa ya kunyonyea, ukiondoa uzito wake mtupu, ina 3,900. Ndoo ya kavera ina 1,250. Shuka na taulo zilikuwa gramu 900 zikiwa kavu na sasa ni 1,350, kwa hiyo zimebeba 450. Jumla ya yaliyotoka ni 5,600, na pengo ni mililita 1,100. Kama mnatumia salaini na mama ni mzima, daktari anaweza kuendelea huku akijua muda wake unapungua. Kama ni glaisini, mmekwisha kuvuka kikomo na vifaa vinatolewa sasa hivi. Namba ni ile ile moja, lakini uamuzi ni tofauti kabisa, na ndiyo maana kutangaza pengo bila kutaja aina ya maji hakumsaidii mtu yeyote.

Kumbuka pia kwamba damu na mkojo vikichanganyika na maji yanayotoka huyaongeza kwa udanganyifu, na pengo halisi huwa kubwa kuliko ulilolipata. Kama damu ni nyingi, ongeza makadirio yake kwenye pengo.

Hesabu hiyo usingoje kuifanya mwishoni. Ifanye kila chupa inapobadilishwa, na hata isipobadilishwa, ifanye kila baada ya dakika 5 hadi 10, uiandike ubaoni na kuitamka kwa sauti: glaisini, pengo 400, dakika ya 15. Namba inayotamkwa huingia masikioni mwa mtu ambaye hawezi kuinua macho kwenye skrini. Angalia pia mwendo wake. Pengo linalopanda mililita 100 kila dakika kumi ni jambo moja, na pengo linaloruka kutoka 300 hadi 800 ndani ya chupa moja ni jambo jingine, kwa sababu hapo ama vena kubwa imefunguka, ama ukuta wa kizazi umetobolewa na maji yanamiminika tumboni. Ukiona mruko wa namna hiyo usingoje kikomo. Sema hapo hapo, na kazi isimame mpaka sababu ijulikane. Kwa glaisini, pengo likifika 750 na maabara iko wazi, peleka damu ya sodiamu.

Kuna njia ya kupunguza pengo kabla halijawa pengo, nayo ni urefu wa chupa. Maji huingia kwenye mishipa kwa kasi zaidi pale shinikizo ndani ya kizazi linapozidi shinikizo la wastani la damu ya mgonjwa, na kwenu ninyi msio na pampu shinikizo hilo linatokana na urefu kutoka kizazi hadi usawa wa maji. Sentimita 100 za urefu ni sawa na karibu milimita 73 za zebaki, na sentimita 136 ni sawa na 100. Mgonjwa mwenye shinikizo la 110 kwa 70 ana wastani wa karibu 83, kwa hiyo chupa iliyo sentimita 113 juu ya kizazi inalingana naye. Sasa achomwe ganzi ya mgongo, na shinikizo lishuke hadi 90 kwa 55. Wastani umekuwa 67, na chupa ile ile ambayo hakuna aliyeigusa sasa inamzidi nguvu. Ilipaswa kushushwa hadi karibu sentimita 91. Sijaona wengi wakilikumbuka hili, na mimi mwenyewe nilichukua miaka kulielewa: mtaalamu wa usingizi anapotangaza kwamba shinikizo limeshuka, muuguzi anapaswa kuiangalia nguzo ya dripu. Daktari akilalamika kwamba haoni, kwanza afungue zaidi bomba la kutolea ili damu isafishwe, au aangalie kama mlango wa kizazi unavujisha. Kupandisha chupa kuwe hatua ya mwisho, na kwa muda mfupi.

Kuna watu hufunga mkanda wa shinikizo kwenye mfuko wa maji na kuujaza bila kuangalia geji. Wengine huingiza hewa kwenye chupa kwa sindano ili maji yakimbie. La pili ni la kuogofya zaidi, kwa sababu chupa ikiisha hewa hiyo yote hufuata maji hadi kwenye vena zilizo wazi, na hewa ikifika moyoni mgonjwa anaweza kufa mezani ndani ya dakika chache. Ninyi mnaotumia chupa ndogo za mililita 500 mnabadilisha mara nyingi, na kila kubadilisha ni nafasi ya hewa kuingia. Tumieni mpira wenye matawi mawili, ili chupa ya pili iwe imeshaunganishwa na kutolewa hewa kabla ya kwanza haijaisha, na msikilaze kichwa cha mgonjwa chini kuliko kizazi.

Mtaalamu wa usingizi naye ana mchango wake kwenye pengo. Desturi ya kumjaza mgonjwa lita nzima ya dripu kabla ya ganzi ya mgongo haifai hapa, kwa sababu lita hiyo inajumlishwa na kile kizazi kitakachokunywa. Shinikizo likishuka ni bora litibiwe kwa efedrini au fenilefrini, na dripu iende polepole. Ukiandika pengo ubaoni, andika na dripu ya mkononi kando yake.

Ganzi ya mgongo ina faida moja kubwa, kwamba mgonjwa anaongea. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado najifunza kazi hii katika hospitali ambayo sitaitaja, mama mmoja aliyekuwa ametulia kabisa aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia: "Musawo (yaani daktari), mbona mmezima taa?" Taa zilikuwa zinawaka. Tulidhani dawa ya kutuliza imemlevya, tukaendelea. Dakika chache baadaye alianza kuvuta mikono na kutapika, na sodiamu yake ilipokuja ilikuwa 118. Glaisini yenyewe inaweza kuzima kuona kwa muda, na yule mama alikuwa ametupa onyo mapema kuliko maabara yoyote. Alipona, na macho yake yakarudi siku ile ile. Tangu hapo, mgonjwa akisema kichwa kinauma, anaona ukungu, anasikia kichefuchefu, au akianza kuhangaika bila sababu, kwangu hayo ni matokeo ya kipimo cha damu mpaka kipimo chenyewe kije kunikanusha. Kuhangaika kwa mama wako wa mwezi uliopita kulikuwa ni onyo la aina hiyo hiyo.

Aliyelazwa kwa nusukaputi hana sauti. Kwake angalia oksijeni inayoshuka, mapigo yanayopungua huku shinikizo likipanda, mashine inayohitaji nguvu zaidi kusukuma hewa, mwili unaopoa, au povu la rangi ya waridi kwenye mpira wa pumzi. Baada ya upasuaji, asiyeamka kwa wakati wake apimwe sodiamu kabla ya kulaumiwa dawa ya usingizi.

Ikitokea, hatua ya kwanza ni kusimamisha maji na kutoa vifaa. Mpe oksijeni, punguza dripu ibaki ya kushikilia mshipa tu, weka mpira wa mkojo na upime kila saa, tuma damu ya sodiamu na uirudie. Kama ni salaini na mapafu yamejaa, muinue akae na mpe furosemidi, dawa ya kukojoza, miligramu 40 kwenye mshipa, na usitulizwe na sodiamu iliyo sawa, kwa sababu salaini huzamisha mapafu bila kugusa sodiamu. Kama ni glaisini na mama amechanganyikiwa, anadegedeka au amezimia, dawa yake ni salaini ya asilimia 3, mililita 100 kwa dakika 10, ambayo inaweza kurudiwa hadi mara tatu kama dalili hazijatulia. Kupanda kwa milimoli 4 hadi 6 mara nyingi hutosha kuondoa hatari ya ubongo kuvimba. Baada ya hapo mwendo uwe wa taratibu, usizidi milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24. Chupa hiyo ya asilimia 3 iwepo chumbani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Kama famasi haina, siku hiyo upasuaji wa glaisini usifanyike.

Kisha kuna wodi, ambako kazi nzuri ya chumba cha upasuaji inaweza kuharibiwa na dripu moja. Dekstrosi ya asilimia 5, ambayo wengi huitundika kwa mazoea baada ya upasuaji wowote, ni maji matupu mara sukari yake inapotumika, na mama mwenye sodiamu ya 128 akipewa lita mbili za hiyo usiku anaweza kudegedeka kabla ya asubuhi. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, nayo huzuia figo kutoa maji, kwa hiyo isichanganywe na dekstrosi kwa mgonjwa huyu. Andika kwa herufi kubwa juu ya faili: aina ya maji, pengo kwa mililita, na asipewe dekstrosi.

Kwa upasuaji wa matundu tumboni mambo ni mengine, na nitasema moja tu, kwa kuwa najua chumba chenu kinafanya na huo. Gesi inayojaza tumbo kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki hubana figo na mishipa yake, na mkojo hupungua hata kama mgonjwa hajakauka. Msikimbize mkojo huo kwa lita za dripu. Gesi ikitolewa utarudi, na maji mliyomwaga humo ndiyo yatakayomvimbisha uso na koo akiwa amelazwa kichwa chini. Pimeni tu maji ya kuoshea tumbo, yaliyoingia na yaliyonyonywa, ili damu iliyopotea isifichwe ndani yake.

Sasa mama wako anayeuliza atarudi lini. Kuiacha sehemu ya fibroidi kwa sababu ya pengo si kushindwa. Fibroidi ambazo nusu yake au zaidi imezama kwenye msuli, zile tunazoziita aina ya 2, mara nyingi hutolewa kwa awamu mbili, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya awamu ya kwanza ili asijione amedanganywa. Sodiamu yake ithibitishwe kuwa imerudi sawa, apigwe picha ya altrasaundi kuona kilichobaki baada ya hedhi moja au mbili, kwa sababu kizazi chenyewe mara nyingi husukuma mabaki kuelekea ndani ya uwazi na kuyafanya yawe rahisi kukatwa. Daktari anaweza pia kumpa dawa za kuzuia homoni kabla, au kuchoma vasopresini iliyozimuliwa sana kwenye mlango wa kizazi siku ya kazi, akiwa amekubaliana na mtaalamu wa usingizi kwa sababu dawa hiyo hubana mishipa na inaweza kuusumbua moyo. Yote mawili hupunguza maji yanayoingia mwilini.

Lakini kwa mama huyu, ambaye glaisini imeshamwonyesha uso wake, mimi nisingeirudia. Kama mnaweza kupata kifaa cha baipola, atolewe mabaki ndani ya salaini. Kama hamwezi, mwandikieni barua aende Kampala kwa wenye kifaa hicho. Katika barua hiyo msiandike tu kwamba alichanganyikiwa baada ya upasuaji. Andikeni kwamba ilikuwa glaisini ya asilimia 1.5, upasuaji ulidumu dakika ngapi, chupa ngapi zilifunguliwa, sodiamu yake ilishuka hadi ngapi na ilichukua saa ngapi kupanda, na kwamba pengo halikupimwa. Hilo la mwisho ni gumu kuliandika, lakini mpasuaji atakayempokea anahitaji kulijua ili ajiwekee kikomo cha chini kuliko alichozoea.